Mama Mkwe Anasema Selimundu Nimetoka Nayo Kwetu

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sengerema. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka sita na hana tatizo lolote. Wa pili ni binti wa miaka miwili na nusu, na ndiye aliyenifanya nikuandikie. Alizaliwa na uzito mzuri, akanyonya vizuri, na kadi yake ya kliniki ikawa inapanda bila shida. Alipofika miezi minane, vidole vya mikono na nyayo vilivimba kwa pamoja, akawa analia ukimgusa tu. Mama mkwe akasema mtoto amerushiwa kitu, akampeleka kwa mganga akachanjwa chale. Uvimbe ukaisha, tukashukuru. Baadaye macho yakaanza kuwa ya njano, damu ikapungua mpaka akaongezewa mara mbili. Mwezi uliopita daktari aliagiza kipimo, karatasi ikarudi imeandikwa SS. Akasema ni selimundu.

Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Mama mkwe anasema kwenye ukoo wao hakuna aliyewahi kuugua kitu hicho, kwa hiyo nimetoka nacho kwetu. Tena anauliza, kama ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, mbona mtoto alizaliwa mzima? Jirani anasema damu zetu haziivani, maana mume wangu ni grupu O na mimi ni B. Shemeji yangu, aliyesoma sayansi mpaka kidato cha sita, alisema mbele yangu kwamba maumbile yenyewe huwaondoa walio dhaifu, hivyo tusijimalize kwa hospitali. Nililia, Shangazi.

Mume wangu ananipenda, ila naye ana lake. Nesi alituambia ni mtoto mmoja kati ya wanne. Sasa yeye anasema huyo mmoja tumeshampata, kwa hiyo tuzae haraka wawili waliobaki, binti apate wenzake wa kumsaidia. Akiambiwa akapime, anajibu kwamba yeye hajawahi kuumwa. Mawifi nao wameanza minong'ono ya kipimo cha vinasaba, eti huenda mtoto si wa kaka yao. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Sengerema

Mwanangu, pole sana. Katika nyumba yenu kila mtu ameokota kipande cha sayansi, na kila kipande kimekuangukia wewe. Mama mkwe ana chake, jirani ana chake, shemeji msomi ndiye ana kikubwa na kibaya kuliko vyote. Nitavipitia, na vingine nitavipita haraka kwa sababu havistahili muda wako.

Nianze na shutuma kwamba umetoka na ugonjwa kwenu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoagiza jinsi himoglobini itakavyotengenezwa: moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Himoglobini ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu na kubeba oksijeni mwilini. Nakala ya kawaida huandikwa A. Nakala yenye badiliko huandikwa S, na badiliko lenyewe ni herufi moja tu ya kinasaba katika kromosomu ya 11. Mwenye AA hana kitu. Mwenye AS amebeba nakala moja ya S na kwa kawaida haumwi. Atalima, atacheza mpira, atazaa na kuzeeka bila kujua kwamba anayo. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Chembechembe zake nyekundu za damu zikipungukiwa oksijeni hujikunja zikawa na umbo la mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maana anaumwa viungo, damu inapungua na macho yanakuwa ya njano.

Binti yako ana S mbili. Mama hana uwezo wa kutoa zote mbili. Moja umetoa wewe, nyingine imetoka kwa baba yake, na baba yake naye aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Maana yake ni kwamba ama baba mkwe au mama mkwe mwenyewe ni mbebaji. (Usimwambie kwa maneno haya. Mwachie daktari, siku akienda kumsindikiza mjukuu.)

Anaposema kwao hakuna aliyewahi kuugua, huenda anasema kweli tupu. Nakala ya S inaweza kupita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu na kitukuu bila mtu hata mmoja kuugua, mradi kila mbebaji ameoana na mwenye AA. Ugonjwa hujitokeza pale wabebaji wawili wanapokutana. Lakini huenda pia walikuwepo, wakazikwa kwa majina mengine: degedege, upungufu wa damu, kijicho cha jirani. Maelezo ya kwanza ya kitabibu ya chembe hizi zilizopinda yalichapishwa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910, na ilikuwa mwaka 1949 ndipo James Neel alipoonyesha kwamba mtoto mgonjwa huwa amepata S kwa baba na kwa mama. Bibi zake mume wako wangeujulia wapi ugonjwa huu kwa jina? Siku mama mkwe akiwa ametulia, muulize kama kuna watoto wa ukoo waliofariki kabla ya kuanza shule. Uliza kwa upole, na usikilize zaidi ya unavyosema.

Swali lake la pili ni zuri kuliko anavyodhani. Mbona mtoto alizaliwa mzima? Kwa sababu mtoto tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haihusiki na jeni hii yenye badiliko. Anazaliwa nayo kwa wingi, na inampungua polepole katika miezi sita ya kwanza huku ile ya kikubwa ikichukua nafasi. Hapo ndipo S inapoanza kuonekana. Kuvimba vidole na nyayo kwa mpigo, katika umri uleule uliouandika, ni dalili ya mwanzo inayofahamika sana kwa madaktari wa watoto: damu imekwama kwenye mifupa midogo ya mikono na miguu. Watu wengi huamini kwamba cha kurithi lazima kionekane siku ya kuzaliwa, na kilichokuja baadaye lazima kimeletwa na mtu. Sivyo. Upara na ndevu ni vya kurithi ingawa huja ukubwani, lakini hatuwatafuti waliowarushia baba zetu upara.

Na zile chale? Uvimbe wa aina ile kwa kawaida huisha wenyewe baada ya siku kadhaa, au wiki moja hadi mbili. Mganga alichanja, siku zikapita, uvimbe ukatoweka, sifa akapewa wembe. Sikulaumu, kwa sababu mzazi mwenye mtoto anayelia hutafuta msaada popote. Ila usirudie. Bandama ya mtoto wa selimundu huharibika mapema, na bandama ndiyo mlinzi mkubwa dhidi ya vijidudu vinavyoingia kwenye damu. Wembe wa chale kwa mtoto kama huyo unaweza kumuua.

Habari ya O na B naipita haraka. Grupu la damu ni jambo jingine kabisa na himoglobini ni jambo jingine. Herufi A iliyo kwenye grupu na herufi A iliyo kwenye AA hazina undugu wowote, zimefanana kwa jina tu, na mkanganyiko huu umewafanya wachumba wengi waende harusini wakiamini wamepima kumbe hawajapima chochote cha maana. O na B huzaa watoto wazima kila siku. Hali inayojulikana zaidi ya damu za baba na mama kuleta shida kwenye ujauzito ni pale mama anapokuwa Rhesus hasi na baba chanya; hiyo ina sindano yake, na haihusiani kabisa na selimundu.

Mawifi sasa. Wanataka vinasaba kwa hoja kwamba ugonjwa haupo kwao. Lakini karatasi ya SS inaonyesha kinyume cha wanachokitaka: inasema baba wa mtoto huyu, yeyote awaye, amebeba S. Kaka yao akipima na kukutwa ni AS, hoja yao imekufa. Nisikudanganye, kukutwa AS hakuthibitishi ubaba, maana wabebaji kwenye mikoa ya Ziwa ni wengi. Kunachofanya ni kuondoa sababu pekee ya kukushuku waliyokuwa nayo. Na ikitokea karatasi yake ikaandikwa AA, mtu asipige kelele bado. Kwanza ulizeni alipimwa kwa kipimo gani, kama aliongezewa damu siku za karibuni, kama chupa za sampuli hazikubadilishwa majina, kisha mrudie. Zipo pia hitilafu nyingine za himoglobini, adimu kwetu, ambazo zikikutana na S moja huleta ugonjwa unaofanana na huu. Kipimo cha ubaba hufanywa kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa utaratibu wa kisheria. Hakiagizwi na mawifi jikoni.

Kuhusu kipimo chenyewe, sikiliza vizuri, maana hapa watu wengi hupotezwa. Kipo kipimo cha siku nyingi ambacho mtaalamu wa maabara huchukua tone la damu, akalichanganya na dawa inayoondoa oksijeni, akafunika kwa kioo chembamba, akasubiri, halafu akachungulia kwenye hadubini. Chembe zenye S hupinda mbele ya macho yake. Lakini zitapinda za mwenye SS na zitapinda za mwenye AS vilevile. Kipimo hicho kinajibu kama S ipo. Hakijibu kama ipo moja au mbili. Nimeona mtu mzima mwenye AS, mwenye afya ya punda, akiandikiwa kwamba ana ugonjwa wa selimundu kwa sababu ya jibu moja la "chanya". Mnachotaka ninyi ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kiwe cha elektroforesi au vile vya haraka vya tone moja la damu, ili jibu liandikwe AA, AS au SS.

Haya, mume. Ananipa taabu kidogo kwa sababu nia yake ni njema na hesabu yake ni mbaya. "Mmoja kati ya wanne" haina maana kwamba kwenye kila nyumba wanapangwa watoto wanne, mmoja mgonjwa, watatu wazima. Toa sarafu ya shilingi mia mbili, upande mmoja Mzee Karume, upande mwingine simba. Mpe mumeo nyingine kama hiyo. Simba awe S. Kila mnapopata ujauzito, kila mmoja wenu amerusha sarafu yake mara moja. Simba wawili, mtoto ni SS. Simba mmoja, mtoto ni AS. Karume wawili, mtoto ni AA. Rusheni mara ishirini jioni moja mezani, mwandike majibu, naye ataona mwenyewe kwamba simba wawili wanaweza kufuatana mara mbili, hata mara tatu. Sarafu haikumbuki iliangukaje jana. Zipo familia zenye watoto wanne na wote ni SS, na zipo za wabebaji wawili wenye watoto sita na hakuna mgonjwa hata mmoja.

Kwa hesabu hiyo, kama yeye ni AS kama wewe, uwezekano kwamba wawili anaowataka watakuwa wazima wote ni tisa kwa kumi na sita, yaani asilimia 56. Asilimia 44 zilizobaki ni za kupata angalau mgonjwa mwingine. Huo si uwezekano mdogo. Mwambie pia kwamba kijana wenu mkubwa, ambaye ni mzima, ana uwezekano wa mbili ya tatu kuwa mbebaji. Apimwe naye. Hataumwa kwa hilo, lakini siku moja atataka kuoa.

Sitakuambia usizae tena. Kila ujauzito una robo tatu ya uwezekano wa mtoto asiye mgonjwa, na uamuzi huo ni wenu wawili, si wangu wala wa ukweni. Maoni yangu ni kwamba msubiri mpaka binti atulie kwenye kliniki na ninyi mzizoee dawa zake, kwa sababu mtoto wa selimundu katika miaka mitano ya kwanza anahitaji macho ya mama kuliko mtoto mwingine yeyote. Na hii habari ya kuzaa ili apatikane wa kumsaidia mgonjwa siipendi. Mkizaa tena, mtoto apimwe mapema akiwa mchanga, msisubiri vidole vivimbe.

Sasa niruhusu nikae kidogo na shemeji yako, kwa sababu wenye maneno kama yake ni wengi na hawaishii kidato cha sita. Anasema maumbile huwaondoa dhaifu. Anadhani amemnukuu Charles Darwin. Ule msemo wa kudumu kwa anayefaa zaidi aliutunga Herbert Spencer mwaka 1864, Darwin akauazima baadaye, katika toleo la mwaka 1869 la kitabu chake kuhusu chimbuko la spishi. Na "kufaa" hapo hakuna maana ya misuli wala akili wala thamani ya mtu. Ni kuacha watoto wengi zaidi, mahali fulani, katika hali fulani. Hali ikibadilika, anayefaa anabadilika. Maumbile hayakai kikao yakapanga nani abaki, wala hayana mpango na mwanao.

Tena kama kanuni yake ingekuwa rahisi hivyo, selimundu ingekuwa imekwisha zamani. Bila matibabu, watoto wengi wenye SS hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na kila anayefariki huondoka na S mbili. Vizazi na vizazi hivyo, S ingepaswa kuwa imebaki hadithi. Lakini hapa Tanzania wabebaji wanakadiriwa kuwa kati ya asilimia 13 na 20 ya watu, na takriban watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Kwa nini?

Jibu lilipatikana hapahapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alikuwa mwanafunzi wa Oxford alipokuja na msafara wa mlima Kenya mwaka 1949. Alikusanya sampuli za damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya, akaona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wabebaji wa S walizidi asilimia 20, lakini kwenye nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Haikufuata kabila wala lugha. Watu wa lugha zisizohusiana, wakiwa wamejenga kando ya maji yaleyale, walikuwa na kiwango kinachokaribiana. Watu wa lugha zinazohusiana, wengine mlimani na wengine bondeni, walitofautiana sana. Ilifuata mbu. Baadaye Allison alichukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio na S, akawaambukiza malaria kwa makusudi (leo hakuna kamati ya maadili ingemruhusu). Kati ya wale 15 wasio na S, 14 walipata vimelea kwenye damu. Kati ya wenye AS, wawili tu. Alichapisha mwaka 1954, na mpaka leo huo ni mmoja kati ya mifano safi kabisa ya mageuko kwa binadamu. Miaka mingi baadaye, watafiti waliofuatilia watoto wa Kilifi walikuta kwamba mwenye AS anapungukiwa hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Kwa hiyo kila kizazi S hupotea kupitia watoto wa SS, na kila kizazi hurudi kupitia watoto wa AS waliovuka malaria iliyowaua wenzao wa AA. Nakala ileile inaua ikiwa mbili na inaokoa ikiwa moja. Shemeji aniambie, katika hali hiyo, S ni dhaifu au imara? Swali lenyewe halina maana, na ndipo nusu ukurasa aliousoma unapokwisha. Huenda yeye mwenyewe alivuka malaria ya utotoni kwa sababu ya S aliyoibeba. Kama ni ndugu wa baba na mama mmoja na mumeo, naye apime.

Lipo kosa jingine hapa ambalo hata watu wazuri hulifanya. Wanasikia habari hii wanasema, "Basi miili ya mababu zetu ilijitengenezea kinga kwa sababu ya malaria." Hapana. Mwili haukujua chochote. Jeni hunakiliwa kila kiumbe kinapozaa, na kunakili huwa na makosa. Kosa moja, miaka maelfu iliyopita, lilitokea bila sababu ya maana. Kama lingetokea kwa watu wa baridi kali lingepotea bila mtu kujua. Lilitokea penye mbu, likamsaidia mtoto mmoja kuishi, naye akazaa. Mbu hakuliagiza. Na si letu peke yetu: S ipo India, ipo mashariki ya Saudi Arabia, ipo Ugiriki, ipo Oman, na familia za Unguja zenye ndugu Muscat zinaifahamu pande zote mbili za bahari. Anayekwambia ni ugonjwa wa kabila fulani, au ni laana ya Waafrika, mwonyeshe ramani ya malaria ya kale.

Najua pia kwamba ukitaja mageuko mbele ya wazee mtu atasema, "Mnatuambia tumezaliwa na nyani?" Nadharia haisemi sokwe wa Gombe atamzaa mtu. Inasema sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja wa mamilioni ya miaka nyuma, kama ambavyo binamu wawili wana babu mmoja na hakuna aliyemzaa mwenzake. Lakini hili la selimundu halihitaji hata kufika huko. Limo kwenye damu ya watu wa Sengerema leo.

Na hata kama shemeji angekuwa sahihi kuhusu maumbile, bado asingekuwa na haki ya kusema mtoto asitibiwe. Kinachotokea porini si amri kwa watu. Muulize alipougua malaria mara ya mwisho kama alimeza dawa, au aliyaachia maumbile.

Hapo hapo ushike jambo moja kwa mikono miwili. Kinga ya malaria ni ya AS. Binti yako, mwenye SS, hana kinga ya kumtegemea. Kwake malaria ni hatari kuliko kwa mtoto mwingine, kwa sababu damu yake tayari ni pungufu na bandama yake ni dhaifu. Mtu akikwambia "watoto wa selimundu hawapati malaria," usimsikilize. Alale kwenye chandarua kila usiku, na umwulize daktari dawa ya kuzuia malaria.

Huduma nyingine zinajulikana, na kliniki ya selimundu itakupangia: penisilini mara mbili kwa siku mpaka atimize miaka mitano, vidonge vya foliki, chanjo zote bila kuruka, maji ya kunywa ya kutosha, asikae kwenye baridi. Uliza kuhusu haidroksiurea. Dawa hiyo huurudisha mwili kwenye kutengeneza himoglobini ya kichanga, ileile iliyomlinda miezi yake ya kwanza. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue dukani ukampa mwenyewe. Upandikizaji wa uloto nao umeanza kufanyika nchini, Dodoma. Unahitaji ndugu anayelingana na mgonjwa na si wa kila mtoto, lakini muulize daktari.

Mwombe nesi akufundishe kuipapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ukiona imekua ghafla na mtoto amepauka, usisubiri gari la kesho. Vilevile homa ya nyuzi 38 au zaidi, kupumua kwa shida, au upande mmoja wa mwili kulegea: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku, na useme mlangoni kwamba mtoto ni wa selimundu.

Wapo wenye SS waliosoma, wakaajiriwa, wakazaa. Wawili wenye SS, hata wa tumbo moja, wanaweza kuugua tofauti kabisa, mmoja akilazwa kila mwezi na mwingine mara moja kwa mwaka, kwa sababu jeni nyingine zinahusika na matunzo pia yanahusika. Usikubali mtu akuhesabie miaka ya mwanao.

Mwisho naomba barua hii aisome baba watoto. Baba, umesema hujawahi kuumwa. Mbebaji haumwi, kwa hiyo jibu hilo halikutoi. Mkeo amesimama peke yake mbele ya mama yako na dada zako kwa jambo ambalo nusu yake ni yako, na maneno yangu kumi hayatamsaidia kama karatasi yako moja. Jumatatu nendeni wote na kijana wenu mkubwa. Mwambieni mtu wa maabara mnataka kujua himoglobini zenu ni AA, AS au SS. Akianza kuwaandikia kipimo cha grupu la damu, mkatalieni.